Mlinganyo Uliofichika Ndani ya Vipimo

Gari limepata ajali. Askari wa usalama barabarani amefika, amewasogeza watazamaji pembeni, amekunjua utepe wake wa kupimia, na ameandika daftarini kwamba alama za breki juu ya lami zina urefu wa mita 30. Siku ya kesi ataulizwa swali lisilokwepeka: gari hili lilikuwa likienda kwa mwendo gani? Shahidi mmoja atasema lilikuwa likiruka kama mshale. Mwingine ataapa kwamba lilikuwa likitambaa. Alama zenyewe ziko kimya. Kinachozipa kauli ni mlinganyo wa hesabu, nao si mrefu. Urefu wa alama huzidishwa kwa 2, kisha kwa 9.81 ambayo ni hesabu ya mvuto wa dunia, kisha kwa namba ya mshiko baina ya tairi na barabara. Halafu hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu, nacho ndicho mwendo wa gari kwa mita katika kila sekunde.

Tuufanyie kazi mlinganyo huo. Tuseme gari lilisimama lenyewe mwisho wa alama bila ya kugonga kitu. Tukichukua mshiko wa 0.7, ambao ni wa kawaida kwa lami kavu, mwendo unakuwa mita 20.3 kwa sekunde, yaani kilometa 73 hivi kwa saa. Tukichukua mshiko wa 0.4, kama wa lami iliyolowa na tairi lililolika, mwendo unakuwa mita 15.3 kwa sekunde, yaani kilometa 55 kwa saa. Alama ni zile zile, utepe ni ule ule, na askari ni yule yule. Iwapo mpaka wa mwendo mahali hapo ni kilometa 60, hesabu ya kwanza inamtia dereva hatiani na ya pili inamwachia huru.

Tumeanza na jambo hili ili ndugu zetu wa polisi na wa jeshi waone kwamba milinganyo si mali ya maprofesa peke yao. Mlinganyo mbaya unaweza kumfunga mtu, na unaweza pia kumuua. Kwa hiyo ni haki ya askari kuuliza: milinganyo hii hutoka wapi? Na je, ni kweli kama inavyosemwa kwamba siku hizi zipo programu za kompyuta zinazopewa daftari la vipimo zikarudisha mlinganyo? Naam, ni kweli. Programu hizo zipo, nyingine hazilipiwi hata senti moja, na askari aliyehitimu hesabu za sekondari anaweza kuanza kuzitumia. Zina hatari yake vile vile, nayo tutaieleza bila ya kuificha.

VITA VYA KEPLER NA MARS

Kwa karne nyingi kazi ya kutoa mlinganyo ndani ya vipimo ilifanywa kwa jasho la mtu. Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa Tycho Brahe na Johannes Kepler. Brahe, mtu wa Denmark, alipima mahali pa nyota na sayari kwa macho matupu kwa zaidi ya miaka 20, kabla darubini haijaelekezwa mbinguni. Alipofariki mwaka 1601, vipimo vyake viliingia mikononi mwa msaidizi wake Kepler, Mjerumani aliyekuwa maskini wa afya lakini tajiri wa subira.

Kepler alitaka kuieleza njia ya sayari ya Mars kwa duara, maana tangu enzi za Wayunani wataalamu waliamini kwamba vitu vya mbinguni havistahili njia nyingine. Duara lake lilipishana na vipimo vya Brahe kwa dakika 8 za pembe. Digrii moja ina dakika 60. Kwa hiyo kosa hilo ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu tuuonavyo kutoka ardhini. Mtu mwingine angelifumbia macho. Kepler alimjua Brahe kuwa si mtu wa kukosea kiasi hicho. Akalitupa duara lake la miaka mingi na kuanza upya. Mwaka 1609 alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba Mars huzunguka jua katika njia ya duaradufu. Katika utangulizi wake, alipokuwa akimkabidhi Kaisari Rudolf wa Pili kitabu hicho, aliieleza kazi yote kama vita, na sayari hiyo yenye jina la mungu wa vita wa Warumi akaileta mbele ya Kaisari kama mateka. Wasomaji wetu waliopata kulala handakini wataielewa lugha hiyo.

Halafu ikaja kanuni yake ya tatu, aliyoipata mwaka 1618 na kuichapisha mwaka 1619, zaidi ya miaka 20 baada ya kitabu chake cha kwanza juu ya mpango wa sayari. Hesabu umbali wa dunia kutoka kwenye jua kuwa 1. Mars iko umbali wa 1.524 nayo huzunguka jua kwa miaka 1.881. Zidisha umbali wa Mars kwa wenyewe mpaka kipeo cha tatu, utapata 3.54. Zidisha muda wake mpaka kipeo cha pili, utapata 3.54. Fanya hivyo kwa Jupiter, iliyo umbali wa 5.203 na yenye mwaka wa 11.862, utapata karibu 141 kwa pande zote mbili. Namba zilikuwa mezani kwa miaka mingi, zikionekana na kila mwenye macho. Uhusiano wake ndio uliokuwa umejificha.

VIKOSI VYA MILINGANYO

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon huko Marekani, mtaalamu Pat Langley alitunga programu iliyoitwa BACON, kwa heshima ya Francis Bacon, mwanafalsafa wa Uingereza. Ilipopewa umbali na muda wa sayari, programu hiyo iliirudisha kanuni ya tatu ya Kepler. Mwaka 1992 Mmarekani mwingine, John Koza, alitoa kitabu kinene kilichoeleza namna kompyuta inavyoweza kuzalisha na kuchagua hesabu kama vile maumbile yanavyochagua viumbe. Mwaka 2009 Michael Schmidt na Hod Lipson wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza katika jarida la Science jinsi programu yao ilivyotazama mwendo wa fimbo mbili zilizoungana zikining'inia na kubembea ovyo, ikatoa humo kanuni za nishati ambazo wanafunzi hufundishwa vyuoni. Programu hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la Eureqa. Na mwaka 2022 kundi la wataalamu, akiwemo Miles Cranmer, liliipa mitambo vipimo vya miaka 30 vya mwendo wa jua, sayari na miezi mikubwa, likapata tena kanuni ya mvuto aliyoiandika Newton. Cranmer huyo ndiye aliyetunga programu iitwayo PySR, ambayo ndiyo tunayompendekezea mwanafunzi mpya, kwa kuwa ni ya bure na kila mtu anaweza kuusoma utaratibu wake wa ndani.

Je, mashine hufanyaje? Wengi hudhani kompyuta inajua fizikia. Haijui kitu. Haijui gari ni nini wala breki ni nini. Inachofanya ni kuunda maelfu ya milinganyo kwa kubahatisha, kwa kuunganisha herufi, namba, na alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Milinganyo hiyo huipanga katika vikosi. Ndani ya kila kikosi wachache hushindanishwa: kila mmoja huulizwa kutabiri vipimo vilivyomo daftarini, na aliyekosea kidogo huruhusiwa kuzaa. Mtoto wake hubadilishwa kidogo, mahali pa kujumlisha pakawekwa kuzidisha, au namba 3 ikawa 3.2; au wazazi wawili hubadilishana vipande vyao. Wadhaifu huondolewa. Mara kwa mara askari hodari wa kikosi kimoja huhamishiwa kikosi kingine ili wasije wote wakazoea kosa lile lile. Gwaride hilo hurudiwa mara nyingi sana katika muda ambao mtu angenywa kikombe cha chai.

Jambo la busara ni kwamba programu haitoi mlinganyo mmoja na kusema shika huu. Hutoa orodha ya washindi, mmoja kwa kila ukubwa. Ukubwa huhesabiwa kwa kuhesabu vipande: kila herufi, kila namba na kila alama ni kipande kimoja. Kando ya kila mshindi huandikwa kiasi cha kosa lake. Mlinganyo mkubwa siku zote utakosea kidogo zaidi au sawasawa na mdogo, kama vile mwongo mwenye maneno mengi anavyoweza kuieleza kila dosari ya ushahidi wake. Kwa hiyo hatutafuti mwenye kosa dogo kuliko wote. Tunatafuta mahali ambapo kosa linaanguka ghafula, na baada ya hapo kuongeza maneno hakusaidii tena.

ZOEZI LA KWANZA: SAFU SITA

Vifaa ni vichache. Kompyuta ya kawaida ya mezani au ya mkononi inatosha. Kwanza huwekwa Python, lugha ya kompyuta isiyolipiwa. Kisha huandikwa amri ya maneno matatu, pip install pysr. Na mara ya kwanza programu ikiitwa, yenyewe huteremsha kutoka kwenye intaneti lugha ya pili iitwayo Julia, ambayo ndiyo hufanya kazi nzito. Hapo hapana budi kuwa na subira, hasa kambini ambako mtandao ni wa kusuasua. Baada ya hapo kazi inaweza kufanyika bila ya mtandao.

Kosa la wengi ni kuanza na data kubwa. Sisi tunashauri kuanza na safu sita tu, tena ambazo jibu lake linajulikana, kama vile askari mpya anavyofundishwa kulenga shabaha iliyo karibu. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza huwaonyesha madereva umbali wa kusimamisha gari. Kwa mwendo wa maili 20 kwa saa, futi 40. Kwa maili 30, futi 75. Kwa 40, futi 120. Kwa 50, futi 175. Kwa 60, futi 240. Kwa 70, futi 315. Ziandike namba hizo katika safu mbili, mwendo upande mmoja na umbali upande wa pili, na uikabidhi programu. Amri kuu huitwa PySRRegressor. Iruhusu alama nne tu za hesabu, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Usiirushie hesabu zote za pembe na za logi kwa tamaa ya kuona maajabu. Mashine iliyopewa silaha nyingi mno hupotea njia. Kisha kuna kipimo kiitwacho maxsize, ambacho ni ukubwa wa mwisho unaoruhusiwa. 15 ni nyingi kwa zoezi hili.

Katika orodha ya washindi utaona ukubwa wa 1 umebeba namba tupu, wastani wa umbali wote, futi 160.8, ambayo haimsaidii dereva yeyote. Kwenye ukubwa wa 5 huja sura kama mstari ulionyooka, au kipeo cha pili peke yake. Mstari ulionyooka hapa ni mwendo mara 5.5 ukatoa 86.7, nao hukosea kwa futi 17 hivi kwenye mwendo mdogo na vile vile kwenye mwendo mkubwa. Halafu kwenye ukubwa wa 7 kosa huanguka mpaka karibu na sifuri. Tukiandika m kwa mwendo na u kwa umbali, mlinganyo ni

u = m + (m × m) ÷ 20

Ukaguzi hauhitaji kompyuta. Sitini, jumlisha 3,600 gawanya kwa 20, ni 60 na 180, jumla 240. Huenda mashine ikaleta sura nyingine, kwa mfano m zidisha kwa (m + 20) halafu zidisha kwa 0.05. Mwanafunzi asishtuke. Ni askari yule yule aliyebadili sare. Ukifungua mabano utamkuta.

Hapa sasa ndipo utamu wa jambo ulipo, na ndiyo sababu tunaupendelea mlinganyo kuliko mitambo mingine inayotoa jibu bila ya kueleza njia. Mlinganyo huu una sehemu mbili, na kila sehemu inasema kitu. Sehemu ya kwanza, m peke yake, ni umbali ambao gari hukimbia kabla dereva hajakanyaga breki: futi 1 kwa kila maili ya mwendo. Ukigeuza vipimo, ni muda wa kama theluthi mbili za sekunde. Watunzi wa kitabu kile walikuwa wamedhani dereva aliye macho, asiyelewa, asiyezungumza na abiria. Sehemu ya pili ni umbali wa breki zenyewe, nao hupanda kwa kipeo cha pili: mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Ile 20 ukiigeuza vipimo inatoa mshiko wa karibu 0.67, yaani lami kavu na matairi mazima. Safu sita za namba zilikuwa zimebeba kimya kimya dhana mbili, moja juu ya mtu na nyingine juu ya barabara. Anayezitumia namba hizo katika mvua, au kwa dereva aliyeendesha usiku kucha bila ya kulala, anatumia namba zisizo zake.

ZOEZI LA PILI: VIPIMO VYA KWELI

Zoezi la kwanza lilikuwa safi mno, kwa sababu namba zake zilitoka kwenye kanuni. Vipimo vya kweli havina adabu hiyo. Ipo data mashuhuri ya magari 50 iliyochukuliwa miaka ya 1920 huko Marekani, ambayo siku hizi huja bure pamoja na programu ya takwimu iitwayo R, kwa jina la cars. Mwendo ni kati ya maili 4 na 25 kwa saa, na umbali wa kusimama ni kati ya futi 2 na futi 120. Utaona mara moja kwamba inaruka ruka: gari moja la mwendo wa maili 14 lilisimama kwa futi 26, na jingine la mwendo huo huo likachukua futi 80. Breki za siku hizo zilikuwa na tabia zake.

Ukiilazimisha data hiyo mstari ulionyooka, utapata umbali kuwa mwendo mara 3.93, ukatoa 17.6. Ukiilazimisha sura ya sehemu mbili kama ile ya zoezi la kwanza, utapata mwendo mara 1.24, ukijumlisha kipeo cha pili cha mwendo mara 0.09. Sasa jambo la kutisha ni hili: ndani ya maili 4 hadi 25, milinganyo hii miwili inakaribiana sana. Vipimo vyenyewe, kwa jinsi vinavyoruka, haviwezi kuamua kwa nguvu ni upi ulio wa kweli. Programu inaweza kukupa huu leo, na kesho, ukianza kwa bahati nasibu nyingine, ikakupa ule.

Basi iulize milinganyo hiyo juu ya mwendo wa maili 60. Mstari ulionyooka unajibu futi 218. Ule wa sehemu mbili unajibu karibu futi 400. Tofauti ni futi 180, nazo ni zaidi ya mita 54. Katika mita hizo 54 kinaweza kuwapo kivuko cha watoto wa shule, na kizuizi cha polisi chenye askari watatu. Anayepanga mahali pa kuweka kizuizi hicho kwa kuufuata mstari ulionyooka amewaweka wenzake mbele ya gari ambalo halijasimama.

Nani basi ataamua? Mashine imekwisha maliza kazi yake. Sasa ni zamu ya akili. Uulize mstari ulionyooka juu ya gari lililosimama, mwendo sifuri, nao utajibu kwamba linahitaji futi 17 chini ya sifuri ili lisimame. Hata kwa maili 4 unajibu namba iliyo chini ya sifuri. Shahidi wa namna hiyo mahakamani asingemaliza dakika mbili. Mlinganyo wa sehemu mbili unajibu sifuri kwa sifuri, na sehemu zake zote mbili zina maana tunayoifahamu. Hata hivyo tusiupende kupita kiasi: nao haujaona gari lolote lililopita maili 25, na magari yaliyoufundisha yamekwisha kuwa chuma chakavu. Ile 0.09 ikilinganishwa na 0.05 ya kitabu cha Uingereza yaonyesha breki zilizokuwa na karibu nusu ya nguvu.

RISASI NA JIWE

Wanajeshi wasidhani kwamba shauri hili ni la trafiki peke yao. Mwaka 1638 Galileo alichapisha kanuni ya kitu kinachorushwa: kikirushwa kwa pembe ya digrii 45, umbali kitakaofika ni kipeo cha pili cha mwendo wake kugawanywa kwa mvuto wa dunia. Kijana arushaye jiwe kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde atapata kama mita 40, na ukipima uwanjani utaona kanuni hiyo haiko mbali na ukweli. Ipe programu vipimo vya mawe mia moja, itakurudishia kanuni hiyo kwa furaha. Sasa itumie kwa risasi ya AK-47, itokayo katika mdomo wa bunduki kwa mita 715 hivi kwa sekunde. Jibu ni kilometa 52. Askari yeyote aliyepata kushika bunduki hiyo atacheka, maana risasi yake haifiki hata sehemu ya kumi ya umbali huo. Mlinganyo haukukosea hesabu. Uliokosekana ni upinzani wa hewa, ambao kwa jiwe ni mdogo na kwa risasi ndio bwana. Mwingereza Benjamin Robins ndiye aliyelithibitisha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1742, kwa kupiga risasi kwenye gogo lililoning'inizwa na kupima lilivyosukumwa. Akakuta kwamba hewa huishika risasi kwa nguvu inayopita uzito wa risasi yenyewe mara nyingi. Wapiga mizinga wa Ulaya walilazimika kuziandika upya hesabu zao.

Vipimo vya mawe visingeweza kamwe kumwambia mtu habari ya risasi, hata angekuwa na kompyuta kubwa namna gani. Kila mlinganyo uliotoka kwa mashine uandikwe pamoja na mipaka yake: umetokana na mwendo gani hadi gani, barabara gani, hali gani ya hewa. Karatasi yenye mlinganyo usio na mipaka tungeichana.

KABLA YA KUWASHA KOMPYUTA

Kwa wenye nia ya kujaribu kwa vipimo vyao wenyewe, tunayo maneno machache. Vipimo vyote viandikwe kama vilivyotoka, pamoja na vile vinavyoudhi. Katika vikosi vyetu ipo tabia ya kusawazisha namba ili mkubwa asiulize maswali. Daftari lililosawazishwa litampa askari mlinganyo uliosawazishwa, na dakika 8 za Kepler zisingeonekana kamwe. Vizio visichanganywe, maili na kilometa, futi na mita, maana mashine haitakuonya. Na kabla ya kuanza, safu moja kati ya kila tano ifungwe kando katika bahasha, programu isiione. Mlinganyo ukishapatikana, bahasha ifunguliwe. Ukizitabiri safu hizo zilizofichwa vizuri kama ulivyozitabiri nyingine, unaweza kuanza kuuamini. Usipozitabiri, ulikuwa umekariri tu, kama kuruta aliyekariri majibu ya mtihani bila ya somo.

Jaribio la alama za breki tulizoanza nazo ni rahisi kulipanga. Litafutwe gari lenye kipima mwendo kilichokaguliwa, na uwanja mtupu wenye lami ya aina ile ile ya barabara inayohusika. Gari liendeshwe kwa kilometa 20, 30, 40 na 50 kwa saa, breki zikanyagwe mpaka magurudumu yagande, na kila mwendo urudiwe mara tano. Gari lenye breki za kisasa ambazo haziyaachi magurudumu yagande halifai kwa zoezi hili, wala hesabu ya alama isitumike kwa gari kama hilo bila ya kuuliza fundi. Daftari liwe na safu za mwendo, urefu wa alama, hali ya tairi, na kama lami ni kavu au imelowa. Ikiwa mambo yamekwenda sawa, programu italeta mlinganyo mfupi: urefu wa alama kwa mita ni kipeo cha pili cha mwendo kwa kilometa, mara namba moja. Namba hiyo ikiwa karibu na 0.0056, mshiko wa uwanja ni 0.7, ikiwa karibu na 0.0098, mshiko ni 0.4, nasi tuko kwa dereva yule wa kilometa 55. Gari moja, uwanja mmoja, na asubuhi mbili, moja ya jua na moja ya mvua, zinatosha kwa kuanzia.